Maji ya Saba

Foleni ya mchele ya Mtoni ilikuwa imefika kwenye mfenesi, asubuhi ya Jumanne moja mwaka 1971, Doria aliporudi. Alitokea upande wa Bububu, hana haraka, akakaa mbele ya Mwanapili. Alikuwa mbwa yule yule aliyepotea miaka saba nyuma, hajazeeka hata siku moja. Jeraha la sikio lilikuwa bado bichi. Kivuli chake kilikuwa cha mwanamume mrefu, kofia kailaza upande.

Watu wa foleni walisogea kidogo wasikikanyage.

"Si mbwa wa mumeo huyu?" aliuliza Bi Mwanakhamis, jirani yake.

"Ndiye."

"Basi mpeleke nyumbani. Nafasi nakushikia, lakini usinizoee."

Makungu, mumewe Mwanapili, alikuwa mlinzi wa shamba la minazi, na Doria alikuwa mbwa wake wa kazi. Mwanzoni mwa sitini na nne watu walikuja na gari wakamchukua Makungu. Mbwa akalifukuzia gari lile mpaka wakapotea wote.

Siku ya tatu Doria alirudi peke yake. Mwanapili alikuwa keshatawadha, kitoto chake kimelala, yeye anatandika msala. Mbwa akaung'ata upindo wa kanga, akamvuta kuelekea njiani. Akamvuta tena. Mwanapili alimpiga kwa mpini wa fagio, sikio likachanika, kisha akakaa kuikosha kanga mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa mate ya mbwa. Alipomaliza maji ya saba, mbwa hayupo.

Hilo hakumwambia mtu.

Alasiri ya Jumanne ile ya foleni majirani walikuja kumpongeza. Mwanapili alikuwa kakaanga vitumbua na kuchemsha chai ya tangawizi. Mzee Hamad, balozi wa nyumba kumi, alipewa kiti uwanjani.

"Shikamoo, Mzee Hamad."

"Marahaba. Kusherehekea mbwa ruhusa," alisema. "Hicho chengine mimi sijakiona."

Akakihamisha kiti, kwa kuwa alikuwa amekiweka juu ya bega la kivuli.

"Mbwa karudi mwenyewe," alisema Bi Mwanakhamis. "Mume wangu akenda Kizimkazi harudi mpaka nimfuate."

Watu walicheka, kisha kila mtu akatazama kikombe chake.

Shemsa, mtoto wa Mwanapili ambaye hakupata kumjua baba yake, alitandika mkeka pale kivuli kilipolala. Akakaa kifuani pake na kitumbua mkononi.

"Mama, ni mrefu hivi?"

"Mrefu hivi."

Wageni walipoondoka, Mwanapili alichutama mbele ya mbwa.

"Nipeleke," alimwambia. "Leo nnakuja."

Doria alimtazama, akalaza kichwa juu ya miguu yake ya mbele. Kivuli kilirefuka, kikavuka kizingiti, kikafika kitandani. Halafu jua likazama.

Tangu siku hiyo mkeka hutandikwa kila alasiri. Mzee Hamad akipita huzunguka kwa pembeni. Mwanapili hukaa karibu na mbwa, upindo wa kanga kauacha chini, mbele ya meno yake, na ndoo ya maji ya kuikosha hakuijaza. Doria huunusa upindo ule.

Hauvuti.