Simu ya Ijumaa

Kwetu Kinole mtandao haufiki nyumbani. Uko juu ya jiwe, ukishaupita mgomba wa mwisho wa shamba la Mzee Pazi, na usimame uso umeelekea mjini. Hapo ndipo nilipokuwa nikimsubiri mwanangu Raya kila Ijumaa baada ya swala. Yuko Maskati, anafanya kazi za ndani. Simu yake tajiri wake aliichukua siku ile ile aliyofika, kwa hiyo huazima ya mpishi, na namba aliyoishika kichwani ni moja tu, yangu.

Baba yake alipofariki nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Mjane wa kwetu hatoki kwenda kupanda majiwe. Mdogo wangu Sabra akasema, "Dada, nipe simu nikakupokelee."

"Hapana. Msiba wa baba yake atausikia kinywani mwangu. Asubiri."

Simu nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka sandukuni pamoja na koti la marehemu.

Nilipotoka eda nikapanda jiweni, betri imejaa. Simu haikushika kitu. Nikaichomoa laini, nikaipangusa kwa upindo wa kanga, nikairudisha. Wapi!

Nikashuka mjini, Msamvu, kwenye duka la kampuni ya simu. Lina kiyoyozi, na picha ya familia inayocheka ukuta mzima. Binti wa pale, Joyce, akaniamkia vizuri, akabonyeza kompyuta yake.

"Bibi, laini hii ilifungwa. Ilikaa mno bila kutumika. Sasa ina mtu mwingine."

"Nilikuwa eda, mwanangu."

"Pole, bibi. Mfumo haujui eda." Akashusha sauti. "Wenyewe hauko hata hapa nchini. Nchi zote wanakouza laini, unafunga hivyo hivyo. Nikupe namba mpya, umpe mwanao?"

"Nimpe kwa njia gani? Hata wakala aliyempeleka alishahama."

Joyce akanipa simu yake mwenyewe. "Mpigie huyo aliyenayo."

Nikapiga namba yangu. Akapokea mwanamume, nyuma yake trekta linanguruma.

"Amosi hapa, Turiani. Nani mwenzangu?"

"Namba hiyo ilikuwa yangu, baba. Kuna binti anapiga kutoka Uarabuni?"

"Ahaa, yule wa Ijumaa! Bibi, alinitesa huyo. 'Nipe mama, nipe mama.' Mke wangu akaninunia, eti nina mchepuko Uarabuni."

"Ukamwambiaje?"

Trekta likazimwa.

"Ukamwambiaje, baba?"

"Nilimwambia mwenye simu amefariki. Ili aache tu. Akalia sana... Hajapiga tena."

"Namba aliyopigia?"

"Nilishaifuta. Nisamehe, mama yangu."

"Akipiga, mwambie aliyekufa ni baba yake. Mimi nipo."

"Nitamwambia, haki ya Mungu."

Lakini nani humpigia maiti?

Joyce alinisajilia laini mpya. Ijumaa napanda nayo jiweni, maana miguu imeshazoea. Huko Maskati mwanangu atakuwa ameshanisomea hitima. Simu huwa inalia mlio mfupi, moyo unaruka, nafungua. Ni kampuni, inanitangazia vifurushi. Nausoma ujumbe wote mpaka mwisho, kisha nashuka.