Kinyonga wa Wanafunzi Kumi na Wawili

Mignonne alikunywa chai kwa mkono mmoja, wa pili ukibonyeza vitufe vya kimashine. Programu yake ilikubali. Akairudia, ikakubali tena, na furaha ikamjaa hata mkate akausahau mezani.

Kimashine hicho cha kushika mkononi wanafunzi wa informatiki, somo la kompyuta, walikiita Kinyonga, kwa kuwa kilikuwa chochote ulichokiagiza kuwa: leo kikokotoo, kesho kipimajoto, keshokutwa mchezo. Kilikuwa kimoja tu kwa wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja siku mbili. Saa nne asubuhi Mignonne angekionyesha kwa mwalimu. Asipokionyesha, alama za mwaka hana.

Alikata njia kupitia Kasulo, mtaa wa wachimbaji, akikitazama huku akitembea. Mbele ya depo ya kununulia mawe ya madini, afisa wa kizuizi aitwaye Nkulu akamzuia.

"Mashine ya teneur unaitoa wapi? Uko na autorisation, ruhusa ya kuibeba?"

Nkulu hakuwa mjinga. Mashine ya mkononi aliyoijua ni moja tu, ile ya mnunuzi wa depo, inayosoma teneur, yaani kiasi cha madini ndani ya jiwe. Namba ikitoka, bei inaifuata, na mchimbaji hana la kusema.

"Haiko ya teneur, papa. Ni ya masomo." Akamfungulia mchezo. Nkulu alicheza kidogo, akashindwa, akaguna, akanyoosha mkono kuirudisha.

"Dada," akaita mchimbaji mmoja, Gradi, aliyekalia gunia lake la mawe, "inaweza kupima jiwe yangu?"

Hapo angejibu hapana akaenda zake. Lakini mwenye elimu mpya mdomo humwasha. Akakichukua Kinyonga, akaandika mistari mitatu.

"Leta jiwe."

Kioo kikasema 1.2. Gradi akaleta jingine, la kijani kibichi, zuri kabisa: 1.2. Mignonne akavua kandambili yake, akaiweka chini ya kioo: 1.2. Wachimbaji wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Nimeiambia iseme hivyo," alisema, naye akicheka. "Mashine inasema tu ile muntu ameiambia."

Kicheko kikafa. Gradi aligeukia mlango wa depo. "Na ya mule ndani, nani anaiambiaka?"

Nkulu akampokonya Kinyonga. "Hii inabaki. Tutafanya enquête, tuichunguze."

"Papa, niko na examen saa ine. Ni ya batu kumi na mbili."

"Lete barua ya directeur, tutaangalia."

Akakifungia kwenye droo ya kibanda chake. Mignonne alikasirika. Atawaambia nini wenzake kumi na mmoja? Ajabu ni kwamba ndani ya hasira ile furaha ilikuwa bado inaruka, kwa sababu walikuwa wameelewa. Mistari mitatu tu, na wote walikuwa wameelewa.

Mnunuzi, Lucien, akatoka na mashine yake mkononi. "Wa kwanza nani?"

Hakuna aliyefungua gunia. Gradi akavua kiatu chake cha mpira, kilichojaa udongo, akakiweka juu ya meza.

"Papa Lucien, anza na hii."

Lucien akamtazama Nkulu. Nkulu akatazama barabara. Saa nne ilikuwa imeshapita, na Mignonne alijua. Akasogea karibu na meza ili aione namba.