Kisanduku cha Umri

Mwaka 2004, Mto Songwe ulipofurika na kuwatawanya watu hadi upande wa Malawi, shirika moja la misaada pale Kyela lilimpa Angetile kazi ya kutengeneza ukurasa wa kompyuta wa kuwatafuta waliopotea katika orodha za kambi na hospitali za pande zote mbili. Mtafutaji alijaza visanduku vinne: jina, kijiji, jinsia, umri. Angetile aliandika amri ya kutafuta kwa kila namna ya kujaza: jina peke yake, jina na kijiji, jina na umri, mpaka zikafika kumi na tano, kila moja akiinakili kutoka kwa nyingine.

Jumatatu akaja mzee Tuntufye wa Mwaya, anamtafuta binti yake Anyisile. Umri hakuukumbuka, kwa hiyo Angetile akakiacha kisanduku wazi. Kompyuta ikajibu: hakuna.

"Kaulize Kasumulu, pale mpakani," akamwambia.

Alhamisi mzee akarudi, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Majibu yakawa yale yale.

"Mwanangu, hiyo mashine inaangalia nini hasa?"

Angetile akafungua programu yake ili amweleze, na hapo akaona. Katika amri ya jina, kijiji na jinsia, alisahau kufuta sharti la umri. Siku zote nne kompyuta ilikuwa ikimtafuta Anyisile asiye na umri.

Akazifuta zote kumi na tano. Akaandika moja: anza na orodha tupu ya masharti, kisanduku kilichojazwa kiongeze sharti lake na jibu lililoandikwa humo, kilicho wazi kirukwe. Mzee alikaa kwenye benchi akimsubiri. Nusu saa baadaye jina likatokea. Amelazwa ng'ambo tangu Jumapili. Amefariki Jumatano.

Akamsomea polepole.

"Jumatatu nilipokuja, alikuwa hai?"

Angeweza kusema habari zilichelewa kufika.

"Alikuwa hai, baba. Kosa ni langu."

Mzee hakumtazama. "Niandikie hospitali yenyewe. Nikamchukue."

Akaandika. Mzee akaikunja karatasi, akasema "ndaga" kama mtu anayeshukuru kwa maji ya kunywa, akatoka.

Angetile akavuta daftari walimoorodheshwa wote walioambiwa hakuna. Majina arobaini na moja. Akaanza kuyatafuta upya, moja moja.

Watatu wa kwanza walikuwemo.