Wifi Okbun na Mashavu ya Daon

Wifi yangu Okbun ni daktari. Hajasomea popote, lakini kila sikukuu ya mavuno tunapokutana kwa mama mkwe huko Daegu, Korea, hufungua kliniki yake mlangoni kabla hatujavua viatu. Safari hiyo mgonjwa alikuwa binti yangu.

"Ee Daon! Mashavu gani hayo? Unafuga nini humo?"

Kisha, kwa huruma zake, akamrundikia binti yangu sahani ya keki za mchele. "Kula basi! Au unaringa?"

Daon, wa miaka kumi na mitano, alicheka. Alicheka vizuri mno. Tuliporudi nyumbani, mlo wake ukawa yai na majani ya saladi, mpaka akaanguka kwenye kipindi cha michezo na mwalimu akanipigia simu.

Mume wangu alilitatua jambo hilo palepale: "Mwambie ale." Akarudi kwenye televisheni. Nilimshukuru sana kwa mchango wake.

Jioni nilimwomba Daon anisindikize kutembea kando ya kijito. Hatujafika mbali, akasema mwenyewe:

"Mama, niambie kweli. Mimi ni mnene?"

Ule uongo mtamu wa akina mama ulinifika ulimini. Nikaumeza.

"Mwili wako unakua, mwanangu. Kama una wasiwasi, twende kwa daktari. Yule aliyesoma."

Akaguna, nusu kicheko. "Nikishika kijiko tu, namsikia shangazi."

"Pole. Mimi namsikia tangu harusi yangu. Alinipongeza kwa kulijaza gauni."

"Ukafanyaje?"

"Nililia chooni. Halafu nikatoka nikala keki."

Hapo alicheka kweli, kisha akalia. Nilimshika mkono. "Mezani kwetu hakuna atakayempima mwenzake. Ukisikia njaa, kula. Ukishiba, acha. Na matembezi haya tufanye wote, magoti yangu yanayahitaji."

"Na baba?"

"Tutamzimia televisheni."

Daktari alisema uzito wake hauna tatizo. Kinachopungua ni chakula.

Mwaka mpya ulipofika, tulikutana tena kwa mama mkwe. Okbun alimtazama Daon kutoka juu hadi chini, akavuta pumzi. Daon akainama kwa adabu zote. "Shangazi, habari za mwili wangu tumeshazimaliza na mama. Supu ipo?"

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kucheka. Okbun alinuna hadi vyombo vikaoshwa.

"Nimemkosea adabu?" Daon aliniuliza garini.

"Kidogo," nikamjibu. Baba yake akakohoa ili asicheke.

Bado kuna siku Daon huisukuma sahani pembeni. Siku hizo simhubirii. Hukaa naye tu, nikila polepole, na mara nyingine yeye huivuta tena.