Oveni Iliyooshwa Mara Saba

Rufaida hakuwa ametimiza mwezi nyumbani kwetu Shella ya Malindi, na tayari ametiwa jina. Hakuitwa hivyo usoni. Alitajwa akiwa kisimani au chooni, kwa sauti ya chini: nuksi.

Aliyemtia jina ni Shekha, mama mkwe wake, binti yangu wa kuzaa. Simsemi kwa ubaya. Shekha tangu mdogo ni mtu wa kuhesabu ishara. Bibi harusi aliingia kutoka Mambrui Jumatatu, na Alhamisi yake mume wa Shekha, Amin, akaanguka na bodaboda njia ya Gongoni akavunjika mguu. Hiyo ikawa ya kwanza. Ya pili ikawa oveni.

Oveni ile mjukuu wangu Swafwan aliinunua wiki moja kabla ya harusi, kwa Mtaliano aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake. Alitaka mkewe awe na kazi ya kuoka wakati yeye yuko Doha. Akaoa, akakaa siku kumi, akarudi kazini. Rufaida akaanza kuoka, na kila alichokitia humo kikatoka kimeungua. Si kwamba alisahau. Alikuwa akivuta kigoda akakaa mbele ya kioo, saa mkononi, hata maji hanywi. Mkate wa mayai ulitoka nje mweusi, ndani rojorojo.

Jirani yetu Kashmira, mwenye duka la vitambaa, aliagiza keki ya bintiye Riya. Ilipoungua, Shekha akaitoa mwenyewe mpaka barazani akamwonyesha, na watu wanapita.

"Kwao Mambrui wanapikia makaa," akasema. "Huyu wetu anayaoka."

Watu wakacheka. Rufaida naye akacheka, kicheko cha mtu anayeomba asipigwe.

Jumatano kabati la mbao lililo nyuma ya oveni likaanza kutoa moshi. Oveni yenyewe inaonyesha mia na themanini, joto la keki tu. Rufaida akazima umeme, akamwagia kabati maji. Shekha hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akazungumza na simu muda mrefu. Alipotoka akaniambia kwa utulivu kwamba amemtaka Swafwan amwache huyu mke kabla nyumba haijatuteketeza, na Swafwan ameahidi kutoa jibu Ijumaa baada ya swala.

Basi nilikuwa na Alhamisi moja tu.

Nikampigia Kache, binti wa Kigiriama mwenye kibanda cha kutengeneza mafriji na majiko kule Kisumu Ndogo. Akaja asubuhi na begi lake, akaniamkia, akamwamkia Shekha aliyeketi mlangoni na tasbihi yake. Shekha akaitikia bila kuinua macho.

Kache hakufungua kitu kwanza. Alitia ndani ya oveni kipimajoto chake chenye waya mrefu, akaiwasha, akaiweka mia na themanini, akangoja. Namba ya oveni ilipofika mia na themanini, kipimajoto chake kilisoma mia mbili na hamsini. Akanionyesha, akamwonyesha na Rufaida.

Tukaizimia umeme ukutani, tukaiacha ipoe mpaka mkono ukakaa ndani bila shida. Kache akatuonyesha kijiti chembamba cha chuma kilichochomoza kwenye ukuta wa ndani, nyuma kule juu. Yeye alikiita sensa. Akatueleza kwamba oveni haina macho, kijiti hicho ndicho kinachoiambia joto limefika wapi. Kikidanganya, oveni nayo itazidisha moto bila kujua. Akafungua skrubu mbili, akakivuta na nyaya zake, akakipima kwa mita. Namba ya kijiti hupanda joto likipanda, akasema, na kwa joto hili letu la Malindi mita ilipaswa kusoma kama elfu moja mia moja na kumi na kitu. Ikasoma elfu moja na thelathini.

"Bibi, hii oveni inaamini iko ndani ya friji," akasema. "Ndiyo maana inajichochea hivi."

Kisha akaichungulia ile plagi ndogo nyuma ya kijiti, akatoa bisibisi nyembamba, akaikwangua. Ukadondoka mezani udongo mwekundu uliokauka, na chumvi nyeupe juu yake kama ukoko.

"Chumvi hii inapitisha umeme, ndiyo inayokidanganyisha kijiti. Kwani mliizamisha bwawani?" akauliza kwa mzaha.

Rufaida alitikisa kichwa, hajui. Mimi nilijua. Nikavuta kigoda nikakaa.

Oveni ile ilitoka kwa Mtaliano. Hatukujua iliokewa nini, ila tulidhani, na nguruwe kwetu ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Niliiosha mwenyewe uani siku tatu kabla ya harusi. Nilichota maji ya kisima chetu, yale ya chumvi, nikayamwaga humo ndoo kwa ndoo, na ule udongo nikausukuma kwa kidole kila penye tundu ili pasibaki pembe yenye uchafu. Tundu la kile kijiti nililikumbuka vizuri. Nilidhani mna mafuta yamejificha.

Nikasema kwa sauti ili mlangoni kusikike. Nikasema ni mimi, ilikuwa kabla Rufaida hajakanyaga nyumba hii, na nikaeleza yote, maji na udongo.

Shekha akavuta punje mbili za tasbihi.

"Mama, wewe uliosha kwa sheria," akasema. "Kitu kilichooshwa kwa sheria hakiharibiki. Huharibiwa."

Kache aliinamisha uso kwenye begi lake.

Akaenda mjini kwa Dinesh, muuza spea, na kijiti cha zamani mkononi ili asipewe cha aina nyingine. Akarudi na kipya na plagi yake. Kabla ya kukifunga akakipima: elfu moja mia moja na kumi na saba. Akaunga nyaya, akafunga skrubu, akawasha. Safari hii namba mbili zile zilipanda pamoja, zikafika mia na themanini pamoja, zikatulia. Rufaida akaoka mkate wa mayai, ukatoka rangi ya asali. Amin akala vipande vitatu kitandani kwake na kuomba cha nne. Shekha alipita karibu ya sahani kama anayepita karibu ya kaburi la mtu asiyemjua.

Ijumaa sikungoja nipigiwe. Watu walipotoka msikitini tu nilimpigia Swafwan, nikamweleza kila kitu, ndoo, udongo, mita.

"Bibi, nimeshatamka talaka," akasema. "Asubuhi, mbele ya mashahidi wawili. Moja."

"Moja hurejewa."

"Najua, bibi. Mama analia kila siku. Nipe muda nitazame."

Muda anaousema ni eda, tohara tatu baina ya hedhi, ambamo bado aweza kumrejea, na mke wa talaka moja hukaa eda yake nyumba ya mumewe. Kwa hiyo Rufaida hajaondoka. Anafagia, anaoka, anamchukulia baba mkwe wake maji. Akishika glasi huishika kwa mikono miwili. Shekha amekuwa mpole kwake, mpole mno, humfuata chumba hadi chumba na kumtazama anachogusa.

Nami nimeanza kuamka mapema kuliko wote. Naangalia mfereji kama unavuja, nautikisa ubao wa ngazi, naugusa ukuta wa kisima. Nikiona kitu kimelegea nakikaza kabla Rufaida hajakipita akalaumiwa.

Leo baada ya chai feni ya ukumbini imeanza kulia. Shekha amekaa chini yake, ameinua uso, anasikiliza.