Muhoro Juu

Jioni ile Kokubanza alitoka shambani moja kwa moja hadi kwenye darasa la watu wazima, pale Chonyonyo. Angepitia nyumbani kuweka muhoro wake, panga lililopinda ncha la kupunguzia majani ya migomba, somo lingemwacha. Akaingia nao, akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu.

Mwalimu akauliza, "Nani atatusomea sentensi hii?"

Mkono wa Kokubanza ukaruka juu, na muhoro nao ukaruka. Macho yamemtoka, kitenge kimeteleza begani. Gideon, mwanafunzi mwenzake anayeendesha bodaboda, akampiga picha.

Akaituma kwenye kundi la wenzake kijiweni, juu ameandika: "Nani kasema nauli ipunguzwe?" Wakacheka mpaka abiria wakawakasirikia. Mmoja akafuta maneno hayo akaweka yake: "Nani kala kiporo changu?" Watu wa Kyerwa wakaweka ya mpira. Kila swali lilimkaa yule bibi. Swali juu, Kokubanza na muhoro chini, basi. Picha ikafika Bukoba, ikafika Dar es Salaam, ambako mwenyewe hajawahi kukanyaga.

Yeye na simu yake ya vitufe hakujua lolote, hadi mwanawe Elipidius, karani huko Rubwera, alipokuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo, umeng'atwa na nyuki?"

Elipidius akamwonyesha. "Ofisi nzima wananiita Mwana wa Muhoro. Mama, acha hiyo shule. Umri wako ni wa kupumzika na kusali."

"Nisali nikisomewa mpaka lini? Biblia nimeishika miaka yote kama mtu aliyeshika barua ya jirani."

"Watu wanakucheka!"

"Wacheke. Wakichoka watanikuta kwenye dawati."

Alichokitaka Kokubanza kilikuwa kimoja: kusoma somo kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, kwa kinywa chake. Mzee wa kanisa, Byarugaba, alikuwa amekubali. Lakini Jumamosi akapita, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama Elipidius, mwaka huu asome Jenifa wa kwaya. Ukisimama wewe, vijana wataona muhoro, hawatasikia Neno."

"Mzee, somo hilo nimelifanyia mazoezi tangu mgomba ule haujazaa."

"Mwakani, mama. Mwakani."

Alipoondoka, Kokubanza akapiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, kama hiki ni kiburi, kiondoe. Kama si kiburi, nipe sauti." Aliponyanyuka akajipima moyoni, akaona hakuna kilichoondolewa.

Asubuhi ya sikukuu akakata mkungu wake mkubwa, akajitwika, muhoro mkononi. Kanisani watu walikuwa wakipeleka mbele ndizi, kahawa na maharage. Kokubanza alikuwa bado katikati ya njia Byarugaba aliposhika kipaza sauti.

"Msomaji wetu wa leo..." akasema, akigeukia kwaya.

Muhoro ukapanda juu.

Kanisa likaguna, kisha likaangua kicheko. Simu zikatoka mifukoni.

"Mama Elipidius, shusha hicho kitu!"

"Nitashusha nikifika kwenye meza ya kusomea." Akawageukia vijana. "Pigeni, wajukuu zangu. Pigeni vizuri. Mkimaliza mnyamaze, nataka kusoma."

Akauweka mkungu mbele ya madhabahu na muhoro kando yake, akafungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Jenifa alibaki ameketi. Byarugaba akatazama kipaza sauti, akakisogeza karibu na kinywa cha yule mama.

Alisoma polepole. Mstari mmoja ulimshinda, akakwama, mtu nyuma akakohoa kicheko.

"Narudia," akasema Kokubanza. "Neno la Mungu halina haraka, na mimi sina basi la kuwahi."

Akarudia. Safari hii mstari ukapita. Hakukohoa mtu tena. Kwenye benchi la mwisho Elipidius, aliyekuja ameinamisha kichwa, alisimama wima na simu yake mwenyewe, akimpiga picha mama yake.

Kokubanza alimaliza somo mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu. Akashuka, akainama, akachukua muhoro wake kutoka kwenye sadaka.

"Mama, hicho kimeshatolewa," Byarugaba akanong'ona.

"Mkungu ndio wa Bwana, mzee. Huu naondoka nao, kesho nina darasa."