Sifuri Niliyoitaka

Marehemu mume wangu aliniachia baba yake na tangi la samaki la maji ya chumvi hapo sebuleni. Ndani mna tumbawe la zambarau alilolipandikiza kwa mkono wake likiwa dogo kama ukucha. Niliapa: hili halifi ng'o, maana likifa nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Lakini kila Jumamosi nikipima maji, rangi ya kichupa inaniumbua. Nitrati juu, fosfati juu, uchafu wa chakula kinachoozea majini, mwani umetanda kwenye mawe. Kumbe baba mkwe! Kumbukumbu zimemtoka, analisha samaki, anasahau, anashika kopo la chakula tena. Mara saba kwa siku, nilihesabu.

"Baba, wameshakula hao!"

"Mwanangu kasema nilishe mpaka arudi," akanijibu. "Na wewe, tangu lini mwenye njaa akaambiwa ameshiba?"

Nikaja juu. Kopo nikalifungia kabatini, nikawa nalisha mwenyewe, punje chache. Nikatia dawa ya kufyonza fosfati, nikabadilisha maji, nikatia dawa tena. Fundi wa matangi, rafiki wa marehemu, akanionya: "Shemeji, taratibu. Tumbawe nalo hula humo humo kwenye uchafu. Ukiyasafisha mno maji, unalinyima." Nikamwambia asinifundishe kazi nyumbani kwangu. Mimi na ubishi wangu!

Siku kipimo kiliposoma sifuri nilipiga kigelegele peke yangu. Baba mkwe alikuwa amekaa mbele ya kioo, vidole vinasugua, ananyunyiza chakula kisichokuwepo. Nilimwona. Nikaenda kuosha vyombo.

Wiki ya tatu tumbawe likaanza kupauka shinani. Nikaacha dawa, nikaongeza chakula. Wapi! Ngozi ilibanduka vipande vipande mpaka likabaki jiwe jeupe. Fundi alikuja, akainama, akatazama. Hakunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma.

"Makombo ya mzee ndiyo yaliyokuwa yakililisha," akasema.

Nililia hadi sauti ikanikauka. Kisha nikalitoa kopo kabatini, nikafungua kifuniko, nikamwekea baba mkwe mkononi. Samaki wakaja kiooni kumsubiri.

"Lisha, baba. Mwanao alisema ulishe mpaka arudi."

Akaligeuza kopo, akalinusa, akanirudishia kwa adabu kama mgeni.

"Mwanangu yupi?" akauliza.